Uchunguzi wa Saketi ya Chaja ya Betri ya Lithiamu Inayokoma Kuchaji Ghafla: Mifano kutoka Mazingira ya Songea

1.0 Utangulizi

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kupitia njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea jenereta za dizeli. Hata hivyo, kaya zilizo mbali na nguzo za umeme hutumia paneli ndogo za sola na betri za lithiamu kwa taa na simu. Kifaa kinapoacha kuchaji, ni rahisi kuhukumu kwamba betri imekufa na kununua nyingine. Hoja ya makala haya ni kwamba chaja hukoma kwa sababu inayopimika. Kwa hiyo, kipimo kitangulie ubadilishaji wa kifaa chochote.

2.0 Utendaji wa Chaja

Chipu ya TP4056, ambayo hutumika sana katika bodi za bei nafuu, huchaji seli moja kwa hatua tatu. Seli ikiwa chini ya volti 2.9, chipu hupeleka takribani moja ya kumi ya mkondo uliopangwa. Juu ya hapo hupeleka mkondo kamili usiobadilika. Seli ikifika volti 4.2, volteji hushikiliwa hapo huku mkondo ukipungua, na uchaji husitishwa mkondo unapofika moja ya kumi ya kiwango kilichopangwa. Volteji ya seli ikishuka hadi takribani volti 4.05, uchaji huanza upya.

Mkondo huo hupangwa na rezista moja. Ukigawa 1200 kwa thamani ya rezista kwa kilo-omu, unapata mkondo kwa miliampea. Bodi nyingi huuzwa zikiwa na rezista ya kilo-omu 1.2, yaani ampea 1.

3.0 Sababu za Kukoma

3.1 Chanzo dhaifu cha umeme

Paneli ya volti 6 na wati 3 hutoa takribani ampea 0.5 kwenye jua kali. Bodi iliyopangwa kuvuta ampea 1 huielemea paneli hiyo, na volteji yake huporomoka. Ikikaribia kulingana na ya betri, chipu hujizima. Mzigo ukiondoka, volteji hupanda na chipu huwaka tena. Wakati wa masika, wingu linapopita, mzunguko huo huweza kujirudia mara nyingi. Tiba yake ni kuweka rezista ya kilo-omu 3, ili mkondo uwe miliampea 400.

Kinyume chake, paneli ya mfumo wa volti 12 isiunganishwe moja kwa moja. Volteji yake huzidi volti 8, ambayo ndiyo kikomo cha chipu hiyo, na huiunguza.

3.2 Joto

TP4056 hugeuza tofauti ya volteji kuwa joto. Ingizo likiwa volti 5, seli volti 3.5 na mkondo ampea 1, joto linalozalishwa ni wati 1.5. Chipu inapopata joto kupita kiasi hupunguza mkondo yenyewe, na mtumiaji huona kama chaja imesimama. Bodi ikiwekwa chini ya bati wakati wa mchana, hali huwa mbaya zaidi.

Chipu ina pini ya kupokea kipimo cha joto la betri, lakini katika bodi nyingi za bei nafuu pini hiyo imeunganishwa na upande hasi, hivyo ulinzi huo haufanyi kazi. Betri ihifadhiwe kivulini.

3.3 Seli na saketi ya ulinzi

Seli iliyochakaa ina ukinzani mkubwa wa ndani. Hufika volti 4.2 mapema, taa huonyesha kuwa imejaa, kisha volteji hushuka na uchaji huanza tena. Seli ya namna hiyo haina budi kubadilishwa.

Seli iliyoishiwa chaji kabisa hutengwa na saketi ya ulinzi. Ikiwa imekaa muda mrefu chini ya volti 2, isifufuliwe kwa kuunganishwa moja kwa moja na chanzo kikubwa. Shaba ya ndani huweza kuwa imeyeyuka na kujenga njia fupi ya umeme, na hatari ya moto ni ya kweli.

4.0 Utaratibu wa Kupima

Kwanza, soma taa za bodi. Zote zikiwa zimezima, anza na ingizo. Ya bluu ikiwaka huku nyekundu ikimweka, kwa kawaida bodi haioni betri; kagua waya na kishikio cha seli. Pili, pima volteji ya ingizo wakati chaja imeunganishwa, kwa sababu paneli isiyo na mzigo husomeka vizuri hata ikiwa dhaifu. Tatu, pima kwenye vituo vya betri vya bodi, kisha kwenye seli yenyewe. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivi viwili huonyesha kutu au lehemu iliyolegea. Nne, ondoa taa au simu iliyounganishwa: mzigo unaovuta umeme wakati wa kuchaji humnyima fundi usomaji sahihi.

5.0 Hitimisho

Kati ya sababu zilizoelezwa, uchakavu na uharibifu wa seli pekee ndio unaodai betri mpya. Nyingine hurekebishwa kwa rezista, kivuli, au kusafisha kiungo. Multimita ya kawaida inatosha kuzitofautisha, na kaya huepushwa na gharama isiyo ya lazima.