Mmea Hupima Usiku

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtafiti kijana wa Ufaransa, Julien Tournois, alikuwa akikuza bangi ndani ya nyumba ya vioo. Alitaka kujua kwa nini miche iliyopandwa wakati wa baridi ilitoa maua ingali midogo, ilhali ile ya kiangazi ilirefuka kwanza. Mwaka 1914 alichapisha jibu: maua ya mapema hayaletwi hasa na mchana kuwa mfupi, bali na usiku kuwa mrefu. Vita vilimuua kabla hajaendeleza kazi hiyo. Mwaka 1920 Wamarekani Garner na Allard waliona jambo lilo hilo kwenye tumbaku na soya, na mwaka 1938 Hamner na Bonner wakathibitisha kwamba mwanga wa muda mfupi katikati ya giza unatosha kuzuia maua kwa baadhi ya mimea.

Siri imo katika fitokromu, protini ya majani inayogeuka umbo ikipigwa na mwanga mwekundu, kisha hurejea taratibu gizani. Kwa kusaidiwa na saa ya ndani ya mmea, protini hiyo huutambua urefu wa usiku. Taa ikiwaka usiku wa manane, hesabu huvurugika.

Sasa tuje Kisumu, nchini Kenya. Ikweta inapita Maseno, na jiji liko takriban kilomita 10 tu kusini mwake. Paris hupata mchana wa saa 16 mwezi Juni na saa 8 mwezi Desemba. Hapa kando ya Nam Lolwe (Ziwa Victoria), mchana ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Wanaokuza bangi vyumbani katika nchi baridi zinazoruhusu hulipia umeme mwingi ili kuirefushia mchana, kisha huipa usiku wa saa 12 ichanue. Usiku huo Kisumu inao bure mwaka mzima. Ndiyo maana mbegu ya aina ya kaskazini ikiota hapa huwahi kuchanua kabla haijakua, wakati aina za tropiki zimezoea.

Nchini Kenya, kupanda bangi, au njaga kama wasemavyo Waluo, ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1994, na kuificha chumbani hakuifanyi halali. Lakini elimu iliyotoka kwenye mmea huo ni mali ya kila mkulima, hata yule wa mitaa ya Kondele au Manyatta mwenye magunia na ndoo kuukuu barazani.

Soya nayo hupima usiku. Aina za kaskazini mwa Marekani zikipandwa karibu na ikweta huchanua zikiwa fupi na kutoa maganda machache, kwa hiyo mbegu ichaguliwe kwa latitudo yetu. Soya iliyo chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha huchelewa kukomaa, ikabaki kijani huku nyingine ikivunwa. Ododo (mchicha) pia huharakishwa na usiku mrefu kutoa maua, basi chuma majani mapema na panda tena kila baada ya wiki chache. Sukuma wiki ni tofauti: inangoja baridi ya muda mrefu ndipo ichanue. Joto la Kisumu haliipi baridi hiyo, na ndiyo sababu mkulima huchuma majani mwezi baada ya mwezi kwenye shina lile lile.

Funzo la mwisho la vyumbani ni nguvu ya mwanga. Jua la mchana hufikia laksi (kipimo cha mwanga) 100,000. Chumba chenye balbu huwa na mia chache tu. Macho yetu hujirekebisha tukadhani kuna mwanga wa kutosha, huku mche ukirefuka, ukipauka na kulegea kwa njaa. Mwenye baraza inayopata jua Kisumu asinunue taa. Aweke mboga zake juani, aizime taa ya nje usiku pale palipo na soya, na achague mbegu iliyozoea usiku wa saa 12.