Uji wa Asubuhi Usiotegemea Sukari

"Sista, huyu bila sukari hanywi," bibi mmoja aliniambia kliniki, amempakata mjukuu wa miaka mitatu. Nilimwomba mtoto afungue kinywa. Meno manne ya mbele yalikuwa yameoza na kubaki vipande. Nilipouliza uji wake unapikwaje, bibi alijibu kwa fahari: unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu saba, na sukari vijiko vitatu kwa kikombe.

Sikumlaumu. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilisimama mbele ya akina mama nikiwafundisha kusaga mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga kwa pamoja, kisha nikamalizia: "Tia sukari mtoto apate nguvu." Leo nafundisha vingine.

Vijiko vitatu vya chai ni karibu gramu 12. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya nusu ya hapo. Nusu hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita. Mtoto yule alikuwa akimaliza nusu ya vijiko vya mtu mzima kabla ya saa mbili asubuhi, na chai ya jioni bado.

Kwa uji wa nyumbani, nafaka moja au mbili zinatosha. Mimi napenda ulezi, nao una madini ya chokaa kuliko mahindi. Upepete, uoshe vizuri (ulezi wa sokoni hauishi mchanga), uanike hadi ukauke kabisa, ndipo uusage bila kukoboa. Karanga usizisage humo. Mafuta yake huharibu unga mapema ukanuka, na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Chambua karanga, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, twanga za siku hiyo tu, tia katika sufuria.

Sasa utamu. Wazee wetu walikijua kimea, ingawa wengi walikitengeneza kwa ajili ya pombe. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue. Uanike, fikicha machipukizi yatoke, pepeta, saga. Usifanye hivyo kwa mtama, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu. Pika uji mzito kwa unga wa kawaida, epua, ukipoa kidogo tia kijiko cha kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Utashangaa kuona mwiko unavyokuwa mwepesi! Kimea huvunja wanga, uji ukalegea na kupata utamu wake. Baada ya dakika kumi urudishe motoni uchemke tena, maana kimea kibichi kina vijidudu. Hivyo mtoto anakunywa uji wenye unga wa kutosha, si maji yaliyotiwa sukari.

Wenye kisukari, kimea hiki si chenu. Utamu ule ni sukari iliyotoka kwenye wanga, nayo huingia damuni upesi. Ninyi kunyweni uji mzito wa ulezi usiokobolewa, kikombe kimoja, pamoja na karanga au maziwa. Asali nayo ni sukari, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe kabisa.

Wala usikate sukari kwa siku moja, utagombana na nyumba nzima. Punguza nusu kijiko kila wiki.

Mtoto yule tulimpeleka kwa daktari wa meno. Bibi alirudi mwezi uliofuata, amefikia kijiko kimoja. Mjukuu hajauliza kitu, alisema. Anayelalamika ni babu.