Ndege wa matete si mwizi wa mupunga

Ndugu wanachama, mupunga ukianza kubeba katika mabonde yetu ya Kasongo na Kabambare, kazi inabaki moja: kufukuza ndege. Watoto wanashinda shambani na manati. Wengine wanatega ulimbo kwenye matete, na ulimbo hauchagui. Unakamata mwizi, unakamata pia kale kandege ka kahawia ambako hakajagusa hata punje moja.

Tutamjuaje? Angalia mdomo kwanza. Wale wa njano wanaofuma viota vya kuning'inia wana mdomo mfupi, mnene, wa kupasua punje. Huyu wa matete mdomo wake ni mwembamba kama sindano. Utapasua mupunga na nini? Ni mdomo wa kuokota wadudu: viwavi, mbu, buibui.

Halafu tazama mwendo. Wezi wanakuja kundi kundi na kutua juu ya masuke. Huyu yuko peke yake au na mwenzake, anapenya chini kati ya mashina, karibu na maji, kama panya. Kumwona ni shida kweli, basi tutumie masikio. Alfajiri simama kimya kando ya matete. Kuna mmoja anaanza polepole, tri… tri… tri, kisha anaongeza mbio kama mpira unaodunda mpaka kutulia, halafu anapigapiga mabawa, prrrt! Wataalamu wanamwita Bradypterus baboecala.

Jamaa zake wengine ni wageni. Wanazaliwa Ulaya, wanavuka jangwa la Sahara, wanakaa Afrika tangu Oktoba hivi mpaka Machi au Aprili. Mmoja wao, mwenye mstari mweupe juu ya jicho, ana uzito wa gramu 12 tu! Safari yote ile, kisha afie kwenye ulimbo wetu.

Sisi tunasema ulimbo tuuache. Mwizi afukuzwe kwa kelele na kamba za makopo, na wenye mashamba ya bonde moja wapande siku za karibu karibu, masuke yakomae pamoja. Wakati wa kufyeka tusichome matete yote. Tubakize ukanda kando ya maji, maana kiota chake kiko humo, chini chini.

Kama kwenu ana jina kwa Kikusu au Kibangubangu, mulilete kwenye mukutano wa chama. Wazee wanaotega samaki ndio wa kuulizwa kwanza.