Zimwi la Kuliwa kwa Chai

Wajukuu zangu wa Chanji, leo tunapika zimwi. Tutalikoroga kwa kokoa na mayai, tutalipa meno ya karanga, kisha tutalikata vipande na kulila kwa chai ya maziwa.

Kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, simu za kaka na dada zenu hujaa picha za keki za kutisha: popo, buibui, mafuvu, maboga yenye macho. Sikukuu hiyo ni Halloween. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa wakichonga nyuso za kuogofya kwenye mboga za mizizi. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga. Tarehe yenyewe si ngeni kwenu. Ni mkesha wa Watakatifu Wote. Mtoto wa nyumba ya Kikatoliki, na nyumba hizo huku kwetu Ufipa ni nyingi, anajua kwamba tarehe 1 Novemba kuna misa na tarehe 2 tunawaombea marehemu wetu. Wenzetu wa mbali wameugeuza mkesha kuwa wa michezo na peremende. Nasi tunaweza kucheza jioni hiyo, kesho yake tukaamkia kanisani.

Keki tutakayopika ni brauni: fupi, nyeusi, juu ina ngozi nyembamba inayopasuka, ndani ina unyevu. Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston, aliichapisha katika kitabu chake mwaka 1906, na tangu hapo imezunguka dunia. Kokoa yake inalimwa hata kwa majirani zetu wa Kyela, kule bondeni kwenye joto karibu na Ziwa Nyasa, ingawa sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa mbegu kavu.

Nimeichagua brauni kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mji wetu wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage ya Sumbawanga hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam. Keki ya kuumuka nayo hupata taabu: mapovu ya hewa ndani yake hutanuka upesi, keki hupanda kabla haijashika, kisha hudidimia katikati. Brauni haina haja ya kupanda, kwa hiyo beking pauda iacheni dukani.

Pimeni kwa kikombe kimoja kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Tieni nusu kikombe cha mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa huku kwetu, na sukari kikombe kimoja kasoro vijiko viwili. Pigeni pamoja na mayai mawili hadi mchanganyiko ung'ae. Chekecheni humo unga wa ngano nusu kikombe na kijiko kimoja juu yake, kokoa theluthi ya kikombe, na chumvi kidogo. Ongezeni kijiko cha maji, maana hewa ya Oktoba huku ni kavu. Unga ukishaingia, korogeni taratibu na muache mara tu weupe unapopotea. Ukikorogwa sana keki huwa ngumu.

Sasa moto. Hapo muiteni mtu mzima, na msimbishie. Jiko la mkaa likae nje au barazani penye hewa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hiyo imeua watu waliolala. Chukueni sufuria kubwa, mwageni mchanga mkavu chini, juu ya mchanga wekeni sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye keki ndani, funikeni, halafu palieni makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi. Mchanga husambaza joto ili keki isiungue kitako. Mlango wa jiko uelekezeni upande upepo unakotokea, nanyi hamtachoka kupepea. Wazee wa Ufipa waliijua siri hiyo vizuri kuliko sisi: waliyeyushia chuma katika malungu, tanuru za udongo zilizompita mtu kwa urefu, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto.

Keki hukaa motoni kama nusu saa. Msiifunuefunue. Kaeni hapa niwasimulie zimwi letu ni lipi.

Wasichana walikwenda mtoni. Mmoja akasahau kitu chake kizuri juu ya jiwe, wengine husema ni ushanga, wengine kombe la baharini. Akarudi peke yake jua linatua. Juu ya jiwe lile limeketi zimwi, tumbo kama ghala. Likamwambia, "Njoo karibu, mwanangu, sikusikii vizuri." Akasogea. "Sogea tena." Akasogea tena, likamnyakua na kumtia ndani ya ngoma yake kubwa, likawamba ngozi. Tangu siku hiyo likawa linapita kijiji kwa kijiji: "Nipeni chakula niwapigie ngoma inayoimba!" Likipiga, binti anaimba mle ndani, watu wanashangaa, zimwi linashiba. Hadi lilipofika kijiji cha wazazi wake. Mama akaisikia sauti, hakusema neno. Akalipikia zimwi ugali mkubwa na pombe nyingi. Lilipokoroma, wakaifungua ngoma, wakamtoa mtoto, wakatia nyuki. Kulipokucha zimwi likaenda zake mpaka kijiji cha pili, likapiga ngoma. Kimya. Likapiga tena. Kimya. Likaifungua kwa hasira lichungulie ndani... nyuki wale!

Chomekeni kijiti katikati ya keki. Kikitoka na chembe zenye unyevu, epueni. Kikitoka kikavu kabisa mmechelewa kidogo, lakini italika. Iacheni ipoe kabisa ndipo mpambe, kwani sukari ya kupambia huyeyuka juu ya keki ya moto.

Sukari hiyo, kama haipo dukani, twangeni ya kawaida kwenye kinu kikavu hadi iwe vumbi, muichekeche, muilainishe kwa matone machache ya maziwa. Gaweni katika vibakuli. Kimoja kibaki cheupe. Kingine tieni manjano kidogo sana, mpate rangi ya macho ya bundi. Cha tatu tieni maji mazito ya choya badala ya maziwa, kiwe chekundu. Mimineni kila rangi kwenye mfuko safi wa chakula, kateni ncha ya kona, mchore. Nusu za karanga ni meno ya zimwi. Mbegu za maboga mkizipanga kwa kupishana mnapata manyoya ya bundi, na mbili zikitazamana ni mabawa ya popo. Mchoreeni zimwi ngoma yake, na nyuki wanaotoka.

Bundi na popo muwachore kwa heshima. Bundi analaumiwa kwamba huleta msiba, kumbe usiku kucha anawinda panya wanaotuharibia mahindi ghalani. Popo wetu wengi hula wadudu, wengine husambaza mbegu za matunda.

Kitu kimoja katika picha za kwenye simu sikitaki kwenye keki zetu. Ni yule bibi kizee mwenye kofia ndefu na macho mekundu, anayeitwa mchawi. Huko anakochorwa leo ni mchezo, japo hata huko zamani wanawake wengi walihukumiwa na kuuawa kwa jina hilo. Katika nchi yetu bibi wa kweli wamefukuzwa makwao na wengine wameuawa kwa sababu mtu alitazama macho yao akaona wekundu. Wekundu ule ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni tangu utotoni, akiinama kupuliza moto ili sisi tule, ataachaje kuwa na macho mekundu? Zimwi halipo, kwa hiyo tulichore linavyotupendeza. Bibi yupo, ana nyumba mtaa wa pili, na akipita anasikia watoto wanavyomwita. Mpelekeeni kipande, mumwamkie, mumwombe awasimulie zimwi lake. Naamini atatupita sote, nyinyi na mimi.

Brauni hukatika vizuri kwa kisu kilichopanguswa kila baada ya mkato. Zilizobaki zifunikeni vizuri, kesho ladha ya kokoa huwa imekolea zaidi. Na vile vipande vya pembeni, vilivyokauka kidogo na kutafunika, ni vya yule aliyekaa na moto.