Longonot na Anwani za Nyota

Kwenye tambarare iliyo chini ya Mlima Longonot kuna madishi makubwa ambayo kwa miaka mingi yalikuwa mdomo na sikio la Kenya kwa ulimwengu. Kituo kilifunguliwa mwaka 1970, na kupitia setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi kikabeba simu za ng'ambo, teleksi na picha za televisheni. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa, na kazi ya madishi ikapungua. Ndipo wanaastronomia wakalikodolea macho dishi la kipenyo cha mita 32. Dishi lililoundwa kunasa mawimbi hafifu ya setilaiti, likifanyiwa marekebisho, linaweza kunasa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota na mashimo meusi.

Mpango wenyewe ni wa mtandao wa darubini za redio za Afrika, AVN, unaoongozwa na Afrika Kusini na kuzihusisha nchi nane washirika, Kenya ikiwemo. Ghana imeshatangulia: dishi lao la Kuntunse, nalo la mita 32, lilizinduliwa kama darubini Agosti 2017. Longonot ingali kwenye foleni. Kila dishi lake linapotajwa, mazungumzo huwa ya mota, vipokezi na fedha, na ni haki yawe hivyo. Mimi nina swali jingine, ambalo naamini lina uzito uleule: siku data ya kwanza itakapotoka Longonot, msomaji wa makala ya utafiti atajuaje kwamba ilitoka huko, na ataifikiaje?

Makala ya astronomia ni tokeo la mwisho la safari ndefu. Darubini hutazama anga kwa saa fulani, hurekodi, data husafishwa, hupigiwa hesabu, kisha mtafiti anaandika kurasa kumi na mchoro mmoja. Mwenye kutaka kuhakiki mchoro ule, au kuiuliza data ileile swali jipya, anahitaji njia ya kurudi mwanzo. Sanduku la waridi likitoka Naivasha kwenda Ulaya huwa na lebo ya kulifuatilia hadi shamba lilikochumwa. Kwa muda mrefu makala nyingi za sayansi hazikuwa hata na lebo ya namna hiyo.

Kenya imo ndani ya habari hii tangu zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA, akaipa jina la Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Angalia orodha ile ilivyofanya. Kila chanzo kilipewa jina linaloanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru, likifuatwa na mahali kilipo angani. 4U 1820-30 ni chanzo kilichoko kwenye saa 18 na dakika 20 za duara la anga, nyuzi 30 kusini mwa ikweta ya mbinguni, katika kundi la Sagittarius, ambalo mtu wa Nakuru huliona juu upande wa kusini usiku wa Julai. Jina lenyewe limebeba anwani na chimbuko la data. Mwaka 2024 watafiti waliotumia NICER, chombo cha eksirei kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, waliandika kwamba nyota ya nyutroni iliyomo humo imeonyesha dalili ya kujizungusha mara 716 kwa sekunde. Zaidi ya miaka 50 baada ya roketi kuondoka pwani yetu, makala yao bado imeandikwa 4U.

Aliyeongoza sayansi ya Uhuru ni Riccardo Giacconi, mshindi wa Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Mwaka 1981 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayoendesha sayansi ya darubini ya Hubble, na huko akashikilia kwamba data isikae kwenye kabati la aliyeiomba. Ihifadhiwe, isafishwe kwa utaratibu mmoja, na baada ya muda ifunguliwe kwa wote. Leo makala zinazotumia data ya Hubble kutoka kwenye hifadhi ni nyingi kuliko zile za walioomba muda wa kuitumia darubini. Naona huu ni urithi mkubwa wa Giacconi kuliko hata ile nishani.

Data iliyofunguliwa bila kuunganishwa na makala bado ni ghala lisilo na mlango. Kazi ya kuunganisha inafanywa na taasisi chache. Strasbourg, Ufaransa, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kinachotunza majina ya nyota na majedwali ya makala. Marekani kuna ADS, maktaba ya kidijitali ya makala za astronomia, ambako kila makala hupewa msimbo wa alama 19. Makala ya Giacconi na wenzake ya mwaka 1971 kuhusu matokeo ya Uhuru ni 1971ApJ...165L..27G. Usomeke hivi: mwaka, kifupi cha jarida la Astrophysical Journal, juzuu ya 165, sehemu ya barua, ukurasa wa 27, na G ya Giacconi. Nukta ni za kujazia nafasi. Ukiwa na msimbo huo, ADS inakufungulia makala, waliorejelea makala hiyo, na panapowezekana data yenyewe.

Nyuma ya viungo hivyo kuna watu. Wakutubi wa ESO, shirika la darubini za Ulaya zilizoko Chile, husoma makala moja baada ya nyingine wakitafuta ni darubini gani imetumika na kwa mradi upi, kisha huunganisha makala na hifadhi kwa mikono yao. Ni kazi ya subira, na bila hiyo viungo hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kati ya viungo vya data vilivyowekwa ndani ya makala za astronomia mwaka 2001, asilimia 44 vilikuwa havifunguki tena kufikia 2011. Ndiyo sababu majarida sasa yanahimiza DOI, namba ya kudumu inayobaki na data hata tovuti ikihama.

Kwa mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, hili si suala la ukarani. Hana darubini ya eksirei, wala hatapata. Data ya NICER kuhusu 4U 1820-30 anaweza kuipakua bila malipo, pamoja na programu za kuichambua, akafanya hesabu zilezile wanazofanya wenzake wa Ulaya. Kwake kiungo kilichomo kwenye makala ndicho darubini. Mradi wa DARA, uliofundisha astronomia ya redio katika nchi washirika, umewapa vijana wa Kenya ujuzi wa kazi hii; kinachobaki ni data ifikike.

Hapo ndipo ninapoihofia Longonot. Dishi lake halitafanya kazi peke yake. Litaungana na Hartebeesthoek ya Afrika Kusini na darubini za Ulaya, zote zikitazama nyota moja kwa wakati mmoja huku saa za atomu zikipima kila wimbi. Rekodi zitapelekwa kwenye kompyuta ya kuzioanisha, kama ile ya Dwingeloo, Uholanzi, na huko zitageuka picha moja. Likiwa karibu na ikweta, dishi letu litajaza pengo kati ya kusini na kaskazini na kuiboresha picha hiyo kweli. Lakini picha haisemi ni sehemu ipi iliyotoka Longonot. Kama makala haitaji kituo, na kiungo hakirudi kwenye rekodi, mchango wa Kenya utayeyuka ndani ya wengi, na mwenye kutoa bajeti akiuliza dishi limeleta nini, hakutakuwa na makala za kumhesabia.

Tiba yake ni ya bei ndogo ikilinganishwa na mota moja. Mtandao wa darubini hizo za Ulaya huupa kila uchunguzi msimbo wake, na kwa kawaida huifungua data baada ya mwaka mmoja. Kila kituo kina herufi mbili, Ef kwa Effelsberg, Hh kwa Hartebeesthoek, na herufi hizo husafiri na data hadi hifadhini. Mkataba wa kuligeuza dishi la Longonot unapoandikwa, haya yaingizwe mle tangu mwanzo: herufi za kituo, DOI kwa kila data inayotolewa, sharti la kukitaja kituo ndani ya makala, nakala ya rekodi ibaki nchini, na mkutubi mmoja aajiriwe kuzifuatilia makala. Nafasi hiyo ya mkutubi ningependa iwe Nakuru.