Breki ya Ubongo: RNA na Watoto Wenye Fragile X

Seli ya neva inayotoka kwenye uti wa mgongo wa mtu mzima hadi kwenye misuli ya mguu inaweza kufikia urefu wa mita moja. Kiini chake, chenye DNA, kiko upande mmoja tu. Kule mwisho, na katika maelfu ya sehemu ambako seli za neva hukutana na jirani zake, protini mpya zinahitajika kila wakati tunapojifunza jambo. Zikisubiriwa zote zitoke huko kiini kilipo, zitachelewa. Zikitengenezwa kila mahali kwa mara moja, seli itashindwa kuimarisha muunganiko mmoja bila kuvuruga mingine.

Namna ubongo unavyolikabili tatizo hilo ina uzito mkubwa kwa familia nyingi. Mpangilio huo ukiharibika, mtoto anaweza kuchelewa kuongea, kushindwa kujifunza kama wenzake, kupata kifafa au kuonyesha dalili za usonji. Mama yake, badala ya kupewa maelezo, huambiwa kwamba amemdekeza, kwamba alikosea alipokuwa mjamzito, au kwamba kuna mtu amemfanyia ubaya. Sayansi ya RNA inatuwezesha kumpa mama huyo jibu la haki zaidi.

Safari ya RNA ndani ya seli

DNA haitoki nje ya kiini. Jeni inapohitajika hunakiliwa kuwa RNA. Nakala hiyo huondolewa vipande visivyotakiwa, vinavyobaki huunganishwa, kisha RNA mjumbe hutoka kwenye kiini na kusomwa na ribosomu, ambazo ndizo zinazounda protini. Binadamu ana takribani jeni 20,000 za kutengeneza protini, lakini aina za protini mwilini ni nyingi kuliko hapo, kwa sababu RNA ya jeni moja inaweza kuunganishwa kwa namna kadhaa. Ubongo ni kati ya viungo vinavyoutumia uwezo huo zaidi.

Seli ya neva huongeza hatua nyingine. Sehemu ya RNA zake mjumbe hufungwa pamoja na protini maalumu katika vifurushi vidogo sana, kisha husafirishwa kwenye nyuzi zinazopita ndani ya matawi ya seli. Njiani RNA hizo hukaa kimya, hazisomwi. Zikifika karibu na sinapsi, yaani mahali seli mbili zinapopashana habari, hungoja ishara. Sinapsi ikichochewa, ribosomu zilizo jirani huanza kazi, na protini hupatikana palepale zinapohitajika.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana mwaka 1982. Oswald Steward na William Levy, wakitumia hadubini ya elektroni, walionyesha kwamba mafungu ya ribosomu hukaa chini kabisa ya vichomozo, yale maumbo madogo yanayojitokeza kwenye matawi ya seli za neva na kubeba sinapsi nyingi. Tangu hapo swali likawa: ni nani anayeamua RNA ipi isomwe, wapi na lini?

Protini inayozuia

Jibu moja lilitoka kwenye ugonjwa. Mwaka 1943, James Purdon Martin na Julia Bell walieleza habari za familia moja ya Uingereza ambamo ulemavu wa akili uliwapata wanaume waliohusiana kupitia akina mama. Mwaka 1969, Herbert Lubs aliona kwenye kromosomu X za wanaume wa aina hiyo sehemu iliyobana, kana kwamba ncha ya kromosomu inataka kukatika. Hali hiyo ikaja kuitwa Fragile X. Jeni yenyewe, FMR1, ilitambuliwa mwaka 1991, na miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba protini yake, FMRP, hushikamana na RNA.

FMRP hufanya kazi kama breki. Hushika RNA mjumbe za mamia ya jeni nyingine, nyingi zikiwa za protini za sinapsi, na kuzuia zisisomwe kabla ya wakati. Mwaka 2011, kundi la Jennifer Darnell na Robert Darnell huko New York lilitoa orodha ya RNA 842 zinazoshikwa na FMRP katika ubongo wa panya, na kuonyesha kwamba ribosomu zilizokwisha kuanza kuzisoma husimama njiani FMRP inapokuwapo. Ishara ikifika kwenye sinapsi, FMRP hubadilishwa kikemikali, ikaachia, usomaji ukaendelea.

Mtu mwenye Fragile X hana FMRP, au anayo kidogo mno. Ribosomu zake ni nzima na RNA zake zipo. Kinachokosekana ni kizuizi, na matokeo yake ni protini kutengenezwa bila kungoja ishara. Tumezoea kufikiri kwamba ugonjwa wa kurithi maana yake ni kupungukiwa na kitu fulani. Hapa kupungukiwa na protini moja kunazaa wingi wa nyingine nyingi.

Athari yake huonekana kwa hadubini. Katika ubongo wa mtu aliyekuwa na Fragile X, vichomozo vya seli za neva huwa vingi kupita kawaida, virefu na vyembamba, vikifanana na vile vya ubongo ambao haujakomaa. Katika ukuaji wa kawaida, vichomozo vingi huondolewa na vinavyobaki huwa vifupi na imara. Kwa mtoto huyu, kazi hiyo ya kuchagua na kukaza haikamiliki.

Nje ya maabara, dalili hujionyesha polepole. Mtoto wa kiume hufika miaka miwili au mitatu bila maneno ya kutosha. Hukwepa kukutanisha macho na watu, hupunga mikono anapochangamka, na sauti ya ghafla au msongamano wa watu humtia hofu kubwa. Wengine huwa na uso mrefu na masikio makubwa, ingawa hayo hujitokeza zaidi umri unaposonga. Wasichana wengi huathirika kwa kiasi kidogo, kwa kuwa wana kromosomu X ya pili.

Herufi tatu zinazojirudia

Mwanzoni mwa jeni ya FMR1 kuna herufi tatu za DNA, CGG, zinazojirudia. Watu wengi wana marudio yasiyozidi 44. Mwenye marudio kati ya 55 na 200 huitwa mbebaji: jeni yake bado inafanya kazi. Marudio yakivuka 200, kwa kawaida mwili huiwekea jeni hiyo alama za kikemikali za methili na kuifunga kabla mtoto hajazaliwa. RNA haitoki, na FMRP haitengenezwi.

Marudio hayo huweza kuongezeka hadi kuvuka 200 yanaporithishwa na mama. Baba mbebaji huwapa binti zake wote jeni hiyo, lakini haifikii kiwango hicho kwao. Hivyo inawezekana babu akawa mzima, binti yake akawa mzima, na mjukuu akazaliwa na Fragile X. Hakuna alichokula mama, alichokiogopa au alichokifanya kilichosababisha hali hiyo. Hakuna pia namna ambayo angeijua bila kupimwa.

Wabebaji nao wana mambo yao ya kiafya. Seli zao hutoa RNA ya FMR1 nyingi kuliko kawaida, na RNA hiyo yenye marudio marefu inaweza kuzidhuru seli zenyewe. Mwaka 2001, Randi Hagerman na wenzake walieleza ugonjwa wa kutetemeka na kuyumba unaowapata baadhi ya wabebaji, hasa wanaume waliopita miaka 50. Kwa wanawake wabebaji, takribani mmoja kati ya watano hukoma hedhi au kupata matatizo makubwa ya ovari kabla ya miaka 40. Jeni moja, kwa hiyo, inaweza kuwafikisha babu, mama na mtoto kwa madaktari watatu tofauti wasiojua kwamba wanashughulikia jambo moja.

Dawa zilizoshindwa na zilizofaulu

Mwaka 2004, Mark Bear, Kimberly Huber na Stephen Warren walitoa hoja kwamba kipokezi kiitwacho mGluR5, ambacho huchochea utengenezaji wa protini kwenye sinapsi, ndicho kinachopita kiasi FMRP inapokosekana. Mwaka 2007 ilionekana kwamba panya wasio na FMRP, wakipunguziwa kipokezi hicho kwa nusu kwa njia ya jeni, hupata nafuu katika kasoro kadhaa. Matumaini yakapanda. Kampuni ya Novartis ikajaribu dawa ya mavoglurant kwa vijana na watu wazima, na mwaka 2014 ikausimamisha mpango huo kwa sababu dawa haikuizidi dawa bandia. Jaribio la baadaye kwa watoto wadogo, lililounganishwa na mafunzo ya lugha, nalo halikuonyesha faida ya dawa hiyo.

Matokeo hayo yaliwaumiza wazazi wengi, lakini yana fundisho. FMRP hushika mamia ya RNA. Kuifunga njia moja kati ya nyingi zinazopita kiasi si sawa na kuirudisha breki yenyewe. Ndiyo maana macho sasa yameelekezwa kwenye RNA.

Kuna sababu ya kuamini njia hiyo. Katika ugonjwa wa kudhoofika misuli wa watoto wachanga unaoitwa SMA, jeni ya SMN1 hukosekana. Binadamu ana jeni pacha, SMN2, lakini RNA yake huunganishwa vibaya na kuacha kipande kimoja muhimu. Adrian Krainer wa Cold Spring Harbor Laboratory na wenzake walitengeneza uzi mfupi unaoshikamana na RNA hiyo na kuifanya ikibakize kipande kile. Dawa hiyo, nusinersen, iliidhinishwa Marekani Desemba 2016, na watoto ambao wangekufa kabla ya miaka miwili wameweza kukaa, na baadhi kutembea.

Mwaka 2023, kundi la Joel Richter na Elizabeth Berry-Kravis lilionyesha kwamba kwa baadhi ya watu wenye Fragile X jeni haijanyamaza kabisa: RNA hutoka, ila imeunganishwa vibaya. Walipotumia uzi mfupi wa aina hiyo kwenye seli zao katika maabara, FMRP ilianza kutengenezwa tena. Hiyo bado si tiba kwa mgonjwa, lakini ni mara chache tunaiona sababu yenyewe ya ugonjwa ikiguswa hivyo.

Tunachoweza kufanya sasa

Dawa ya nusinersen iliingia sokoni Marekani kwa bei ya dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Bei ya namna hiyo inawaacha nje watoto wetu wengi barani Afrika, na tusipojenga sauti yetu mapema, tiba za RNA zitakazokuja zitawapita vilevile. Sauti hiyo inaanza na utafiti wa kwetu. Nchini Kamerun, timu ya Ambroise Wonkam imechunguza Fragile X katika familia za kijijini. Kilifi nchini Kenya, pamoja na Cape Town, mradi wa NeuroDev unachunguza jeni za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Kazi hizi zinastahili kuungwa mkono na serikali zetu wenyewe.

Hatuna sababu ya kusubiri dawa ndipo tuwahudumie watoto waliopo. Kipimo cha Fragile X kinahitaji damu kidogo tu, na mtoto aliyechelewa kukua kiakili bila sababu kujulikana anapaswa kukipata. Majibu yake humwezesha mama kupanga uzazi akiwa na taarifa, huwaonya ndugu wengine wanaoweza kuwa wabebaji, na huwapa walimu na wataalamu wa tiba ya lugha mahali pa kuanzia. Watoto wenye Fragile X hujifunza, hasa wakianza kusaidiwa mapema, katika darasa tulivu, kwa picha na ratiba isiyobadilikabadilika. Mzazi anayemwona mwanawe katika maelezo haya asingoje mtoto aache hali hiyo mwenyewe: ampeleke kliniki na aulizie kipimo hicho kwa jina lake.