Gesi mbili, ving'ora viwili: kwa wanaolala garini

Miezi ya Juni na Julai baridi ya huku Nyanda za Juu Kusini huwa kali. Barabara kuu ya kwenda Tunduma hujaa malori yanayoelekea Zambia na Kongo, na foleni ya mpakani ikiwa ndefu, dereva na utingo wake hulala kabini. Vioo hufungwa, jiko la mkaa au la gesi huingizwa ndani, chai huchemshwa, kisha jiko huachwa liendelee kutoa joto. Wako ambao hawakuamka.

Kwa hiyo mwezi huu tunazungumzia ving'ora vya gesi, yaani vile vyombo vidogo vinavyopiga kelele hewa ya hatari inapojaa ndani. Magari ya watalii yenye vitanda na jiko mara nyingi huwa navyo, na dereva wa lori naye anaweza kuvitumia. Anayepika na kulala katika chumba kimoja asome pia.

Kwanza ieleweke kwamba hatari ni mbili, wala hazifanani. Ya kwanza ni gesi ya mtungi inapovuja. Hiyo hutiwa harufu kali kusudi pua iitambue. Ni nzito kuliko hewa, basi hushuka na kutanda sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Ya pili ni kaboni monoksidi, sumu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, uwe wa mkaa, wa gesi, au wa injini. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata oksijeni ikakosa mahali pa kukaa. Mkaa uliokolea, mwekundu, usiotoa moshi, ndio unaowadanganya wengi. Watu huuogopa moshi, kumbe moshi una wema wake: humfukuza mtu nje.

Kutokana na hayo, king'ora cha gesi ya mtungi hakiitambui kaboni monoksidi, na kile cha moshi peke yake hakitambui hata moja kati ya hizo mbili. Vipo vinavyonasa zote mbili. Soma maandishi kabla ya kulipa. Cha gesi ya mtungi hufungwa chini, kama sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Cha kaboni monoksidi kikae karibu na kichwa cha anayelala, kisifichwe nyuma ya pazia au nguo. Kwa matumizi ya garini, tafuta chenye alama EN 50291-2, maana hicho kimetengenezwa kwa ajili ya magari ya kulala na mashua. Tena angalia umeme: vingi vya kuunganishwa kwenye gari ni vya volti 12, na malori makubwa yana volti 24. Mwachie fundi umeme kazi hiyo, usije ukakiunguza siku ya kwanza.

Sasa utunzaji, ambao ndio husahauliwa. Bonyeza kitufe cha kujaribia kila wiki unapokuwa safarini. Lakini jua kwamba kwa kawaida kitufe hicho hupima kelele na umeme tu, si uwezo wa kunusa. Kinusio chenyewe huzeeka hata kama hakijawahi kulia. Nyuma ya chombo pameandikwa tarehe. Vingi hudumu miaka 5 hadi 10 tu, baada ya hapo ni pambo la ukutani. Mlio mfupi unaorudiarudia kila baada ya muda kwa kawaida ni dalili ya betri kuisha au chombo kuzeeka. Wengi hukiona kero wakakitoa betri. Futa vumbi kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Usikipulizie dawa ya mbu, manukato wala rangi, kwani huharibu kinusio.

Kikilia kwa nguvu, tokeni wote, milango ibaki wazi, mhesabiane. Ukinusa gesi, usiwashe kiberiti, taa wala injini, wala usizime kitu kwa swichi. Funga mtungi ikiwa unaufikia bila hatari. Usirudi ndani kukinyamazisha. Hewa ikibadilika kidogo kinaweza kunyamaza chenyewe, na hapo ndipo watu hurudi kulala.

Kununua king'ora si ruhusa ya kulala na jiko. Vile vya kaboni monoksidi hungoja kwa dakika kadhaa, na sumu ikiwa kidogo hungoja hata saa nzima na zaidi, kabla ya kulia. Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Mkaa ubaki nje, hata ule uliofunikwa na majivu.

Hospitalini wagonjwa hawa hutuchanganya. Wanakuja na kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika, wakidhani ni malaria. Homa hakuna, kipimo hakionyeshi vijidudu, na waliolala pamoja wote wanaumwa kwa wakati mmoja. Kile kifaa cha kubana kidoleni nacho kinaweza kuonyesha 98 kwa 100 wakati mgonjwa yu hatarini, kwa sababu hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii. Kwa hiyo mtuambie mlangoni: tulilala na jiko, au injini ilikuwa ikiunguruma. Tutawapa oksijeni kwa barakoa mara moja. Mama mjamzito asiachwe nyumbani hata akijiona mzima, maana mtoto tumboni huumia zaidi yake. Na aliyepona akianza kusahausahau, kuyumba au kubadilika tabia, hata wiki tatu baadaye, arudishwe hospitalini.